Forodhani usiku: maoni ya mpishi kutoka Nakuru kwa anayekwenda Zanzibar mara ya kwanza

Wengi mnaopanga likizo ya kwanza Zanzibar mmeniuliza kama soko la chakula la Forodhani linafaa au ni pa kunyonyea wageni tu. Linafaa, nendeni. Ila msile kila kinachong'aa mezani. Mimi nina hoteli ndogo hapa Nakuru, ya tilapia, matumbo na chapati, na mkono wangu umezoea makaa. Niliingia Forodhani nikitazama moto, visu na ndoo za maji kabla sijatazama bei, na haya ninayoandika nimeyaandika kwa jicho hilo. Kama natoa nyota, natoa nne kati ya tano, na ile moja iliyobaki nitaeleza imekwenda wapi.

Forodhani ni bustani iliyo ufukweni mwa Mji Mkongwe, ikitazamana na Ngome Kongwe na Beit el Ajaib. Mchana ni pa kupumzika tu. Alasiri vijana huanza kusukuma mikokoteni, wanapanga meza, wanatandika vitambaa, wanapepea makaa, na wengine wanavaa kofia ndefu nyeupe za upishi. Bustani yenyewe ilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan ikafunguliwa upya mwaka 2009, na kazi ile bado inaonekana: njia zimesakafiwa vizuri, taa zipo na viti vya kukalia vipo. Nilikuwa na mama yangu mzazi, ambaye magoti yanamsumbua, akatembea kutoka mwanzo hadi mwisho bila kujikwaa. Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, tulilikuta limezungushiwa uzio. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Mwanangu alikuwa amelisoma shuleni na alitaka kuingia ndani, kwa hiyo mwenye mtoto wa namna hiyo amwandae mapema.

Fikeni mapema, kama saa kumi na moja na nusu jioni. Wakati huo vijana wa mjini wanaruka baharini kutoka ukutani, wanapinduka hewani, na watu wamekaa kuwatazama bila kulipa chochote. Lakini mimi nawaambia mfike mapema kwa sababu ya chakula. Saa ile meza ndiyo kwanza zinapangwa. Unaona kipi kinatoka kwenye barafu kibichi na kipi kinaletwa kikiwa kimeshaiva kutoka kwingine. Likishazama jua na adhana ya magharibi ikaisha, umati unajaa, moshi unatanda, taa zinafanya kila kitu kionekane kitamu, na hapo huna tena nafasi ya kuchunguza. Zungukeni soko zima mara moja bila kununua. Mtaitwa kila hatua, "Karibu dada, karibu mgeni, onja tu." Itikieni salamu, semeni "ahsante, tunazunguka kwanza," na muendelee. Hakuna aliyetukasirikia kwa hilo.

Sasa samaki, maana ndiyo sababu ya watu kwenda pale na ndipo penye hatari.

Kwenye meza nyingi utakuta mishkaki ya samaki imepangwa safu kwa safu: jodari, nguru, pweza, ngisi, kamba. Inapendeza. Lakini mpishi yeyote akiisogelea ataona kingo za nyama zimekauka na kuwa ngumu, na alama za wavu wa kuchomea tayari ziko juu yake. Ile imeshachomwa. Ukiagiza, inarudishwa juu ya makaa ipate moto, basi. Nilimuuliza kijana mmoja waziwazi.

"Ndugu yangu, huyu jodari ni wa lini?"

"Wa leo, dada."

"Na amechomwa saa ngapi?"

"Huyu keshaiva, dada. Hapa tunampasha tu."

Nilimshukuru kwa ukweli wake, nikaagiza pweza badala yake. Nitaeleza kwa nini, kwa sababu hili ni jambo ambalo sisi wa bara, tuliozoea samaki wa ziwani, mara nyingi hatulijui. Jodari, nguru na samaki wengine wa jamii yao wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza ndani ya nyama yao kemikali iitwayo histamini. Histamini hiyo haiondoki kwa kuchomwa, haiondoki kwa kukaangwa, wala haiondoki kwa kugandishwa baadaye. Samaki anaweza asinuke wala asibadilike sura. Aliyemla huhisi uso unawaka na kuwa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, ngozi inawasha, mara nyingi kabla saa moja haijaisha. Wengi hudhani wana mzio wa samaki na kuapa hawamli tena, kumbe samaki mwenyewe ndiye aliyekaa juani. Ukihisi kinywa kinawasha kama umekula pilipili na hakuna pilipili, acha kula hapo hapo, na dalili zikizidi nenda hospitali. Kwa hiyo jodari aliyekuwa kwenye barafu tangu baharini namla kwa furaha. Jodari wa mezani ambaye sijui alishinda wapi, hapana.

Pweza ni salama zaidi kwa mgeni, kwa sababu kwa kawaida huchemshwa kwanza hadi alainike ndipo achomwe, na anastahimili kupashwa bila kuwa mpira. Mwambie akukatie kipande kidogo umwonje. Akiteleza mdomoni kwa ulaini, chukua. Kamba wa mezani niliwaacha. Kamba aliyechomwa mara mbili hana utamu tena, na bei yake ndiyo ya juu kuliko wote.

Samaki bora niliyemla Zanzibar nzima nilimpata kwa mzee mmoja mwenye meza ndogo upande wa baharini. Hakuwa na mapambo yoyote. Nilipomwomba samaki ambaye hajaguswa na moto, aliinama, akafungua deli la barafu, akanyanyua changu mzima kwa mkia.

"Huyu hajaona moto bado. Mtazame mwenyewe."

Nikamtazama. Macho yake yalikuwa yametuna na kung'aa, matamvua yalikuwa mekundu, na nilipombonyeza ubavuni nyama ilirudi mara moja bila kuacha shimo. Hizo ndizo alama tatu, na mtu yeyote anaweza kuzijua hata kama hajawahi kupika samaki maishani. Mzee alimpasua pande zote mbili kwa mikato ya mshazari, akasugua chumvi, ndimu na tangawizi iliyotwangwa hadi ndani ya mikato, akamlaza juu ya wavu ulio mbali kidogo na makaa. Hakuwa na haraka. Kila alipoona mafuta yanadondoka na moto unapanda, alisogeza makaa pembeni kwa koleo badala ya kumwinua samaki. Mimi nimekuwa nikimwinua samaki miaka yote, na ngozi inabaki kwenye wavu. Ya kwake ilitoka nzima, kavu, yenye rangi ya asali. Tulilipa shilingi 15,000 za Tanzania kwa samaki aliyetutosha watu wawili pamoja na muhogo wa kuchoma. Kwa ubora ule ningelipa zaidi.

Mzee huyo pia alimwamkia mama yangu "shikamoo" kabla hajasema neno lolote la biashara, ingawa yeye mwenyewe si kijana. Akamtafutia kiti. Sisi wa Nakuru tunasalimiana haraka na kuingia kwenye shughuli. Zanzibar ukifanya hivyo unaonekana hujalelewa. Anza na salamu, uliza hali, ndipo uulize bei. Nimeona wageni wakiuliza bei bila salamu na nimeona jinsi sura ya muuzaji inavyofunga.

Ile nyota niliyoinyima imekwenda kwenye hesabu. Kwenye meza nyingine, ambayo sitaitaja, mshikaki wa nyama niliotajiwa 3,000 uligeuka 5,000 wakati wa kulipa, na mkate wa nazi uliowekwa kwenye sahani bila kuombwa nao ukahesabiwa. Nililipa nilichokubali mwanzoni na si zaidi, lakini si kila mgeni atakuwa na moyo wa kusimama pale kubishana mbele ya watoto wake. Kinga yake ni rahisi. Agiza kimoja kimoja. Kabla chochote hakijaenda motoni uliza, "Jumla yake ngapi?" na urudie hiyo jumla kwa sauti. Chochote kinachowekwa kwenye sahani ambacho hukukiomba, kirudishe palepale. Halafu kuna wale vijana wanaokufuata kuanzia bandarini wakijitolea kukuongoza, wenyeji wanawaita mapapasi. Si wabaya wote, na wengine wanaujua mji kweli, lakini akikupeleka mezani, malipo yake yamo ndani ya sahani yako. Ukitaka kuongozwa, mlipe mwenyewe kwa makubaliano. Usipotaka, sema hapana kwa upole na usisimame.

Pesa zinawachanganya sana Wakenya, kwa sababu ya sifuri nyingi. Wakati tulipokwenda, shilingi yetu moja ilikuwa karibu ishirini za kwao, kwa hiyo nilimfundisha mwanangu hivi: toa sifuri moja, kisha gawa kwa mbili. Bei ikiwa 10,000, inabaki 1,000, nusu yake 500 za Kenya. Viwango hupanda na kushuka lakini kwa hesabu ya sokoni inatosha. Noti yao kubwa ni ya 10,000. Kabla ya kwenda Forodhani, ivunjeni dukani kwa kununua maji, mwende na noti za 1,000, 2,000 na 5,000. Chenji ndiyo inayoleta maneno usiku. Shilingi za Kenya usitegemee kuzitumia mezani.

Wakati wenzangu wote wanazungumzia samaki, chakula kilichonirudisha mimi Forodhani ni urojo. Kama una tumbo la chakula kimoja tu, kula urojo. Ni bakuli la rojo la manjano, zito kama uji mwepesi, lililokolezwa ndimu na embe mbichi hadi ukali wake unakuamsha. Ndani yake mpishi anatumbukiza viazi vya kuchemsha, bhajia, kachori, vipande vya mishkaki, wakati mwingine yai, kisha juu anamwaga chatne ya nazi, pilipili, na mwisho kabisa chipsi nyembamba za muhogo. Siri iko kwenye hizo chipsi. Zikiwekwa mapema zinalowa na bakuli zima linakuwa uji mtupu. Mama aliyetuuzia alikuwa akizishika mkononi hadi nimelipa na kuchukua kijiko, ndipo akazivunja juu. Nilisimama pale nikimtazama akiwahudumia wenyeji, maana wenyeji walikuwa wengi kwake kuliko wageni, na kila mmoja alimtajia kiasi cha ukali na pilipili anachotaka. Bakuli lilikuwa 4,000. Chagua sufuria inayofuka mvuke. Rojo lililopoa usiliguse, hata kama foleni ya sufuria ya moto ni ndefu.

Pizza ya Zanzibar ni ya watoto na ya wenye haraka, na mwanangu hakutaka kingine. Usitegemee pizza ya Nairobi. Ni donge la unga linalotandazwa hadi unaona mkono kupitia ndani yake, linajazwa nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili hoho, jibini na yai bichi, linakunjwa pembe nne na kukaangwa kwenye kikaango bapa. Inapikwa mbele yako mwanzo hadi mwisho, na kwa usalama wa tumbo hilo ni jambo kubwa. Nilimwomba asitie mayonesi, kwa sababu kopo lilikuwa wazi kwenye joto lile na sikujua lilifunguliwa lini. Hakubisha. Ipo pia ya ndizi na chokoleti. Hiyo sikuionja, ila mwanangu anaisifu bado.

Juisi ya miwa inakamuliwa pale pale, muwa ukipitishwa kwenye mashine pamoja na ndimu na tangawizi. Utamu wake hausemeki. Lakini tazama mambo mawili: barafu na glasi. Barafu ikitengenezwa kwa maji yasiyochemshwa, ndimu haitakuokoa. Na glasi zikisuuzwa usiku kucha kwenye ndoo moja ya maji, mnakunywa pamoja na waliowatangulia. Sisi tulikwenda na chupa zetu safi tukaomba tujaziwe bila barafu. Mwenye mashine hakuona ajabu. Mwenye wasiwasi anunue dafu, likatwe mbele yake.

Niseme jambo moja kuhusu tumbo, kwa kuwa wengi huogopa kulisema. Hata ukichagua vizuri, joto jipya, pilipili mpya na maji mapya vinaweza kukuharisha. Kinachoua nguvu ni kupoteza maji mwilini. Bebeni pakiti za chumvi za kunywa mtu anapoharisha (ORS) kutoka duka la dawa nyumbani. Zikiisha, changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vya chai vya sukari, vya usawa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, unywe kidogo kidogo. Mtoto au mzee akiharisha damu au akishindwa kunywa, msingoje asubuhi. Na sisi tuliokulia nyanda za juu hatuna mazoea ya unyevu ule. Tokwa na jasho Zanzibar siku moja uone. Kunyweni maji ya chupa hata kabla ya kiu. Jioni mbu wapo pale bustanini, hivyo mikono mirefu na dawa ya kujipaka ni muhimu, na kabla ya kusafiri muulizeni daktari kuhusu malaria.

Mavazi: Mji Mkongwe ni mji wa Waislamu na watu wanaishi humo, si ufuko wa hoteli. Mabega na magoti yafunikwe. Mimi na mama tulivaa leso na tukapokewa kama ndugu. Usimpige mtu picha akipika bila kumwomba. Mwezi wa Ramadhani, ambao kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja, mchana usile wala kunywa barabarani. Jioni baada ya futari soko huchangamka, lakini pangeni siku yenu mkijua hivyo. Mkienda wakati wa masika, Machi hadi Mei, mvua inaweza kuwanyima jioni nzima ya Forodhani, kwa hiyo msiiweke kuwa usiku wa mwisho.

Kwa Wakenya: kitambulisho cha taifa kinachotuvusha kwenda Uganda na Rwanda hakitoshi Tanzania. Bebeni pasipoti, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mkononi, si ndani ya sanduku. Mkitoka Dar es Salaam kwa boti ya kasi, safari ni kama saa mbili. Kipindi cha kusi, upepo wa kutoka kusini, bahari huchafuka, kwa hiyo kuleni kidogo tu asubuhi ile na mkae katikati ya boti, chini. Bandarini hadi Forodhani ni mwendo mfupi wa miguu. Mfuko wa plastiki umepigwa marufuku kule kama kwetu. Mimi nilibeba kiondo, na ndicho kilichobeba muhogo tuliobakiza.

Jioni moja haitoshi. Ukiweza kwenda mara mbili, mara ya kwanza kula urojo na kitu kimoja kinachopikwa mbele yako, uangalie tumbo linasemaje. Mara ya pili ndiyo ya samaki mzima. Mkimaliza, rudini kwa njia yenye taa na watu, kama Barabara ya Kenyatta, badala ya kukata vichochoroni usiku, maana vichochoro vya Mji Mkongwe vinafanana na simu huzima chaji wakati mbaya. Na yule mzee wa changu mtamkuta upande wa ukuta wa bahari, meza ndogo isiyo na mapambo, deli la barafu miguuni. Mwambieni mnataka samaki ambaye hajaona moto.